Besi milia wa Atlantiki: namna ya kukadiria safari zake ukiwa umesimama ufukweni

Kila mwaka, kuanzia Machi hadi Desemba, samaki mmoja huwatoa watu vitandani usiku wa manane kutoka Virginia hadi Maine. Kitaalamu ni Morone saxatilis, na kwenye sheria za Marekani utamkuta kama striped bass. Hapa tutamwita besi milia, kwa ile mistari saba au minane myeusi inayopita ubavuni mwake hadi mkiani. Huzaliwa kwenye maji matamu ya mto, hukulia ghubani, na akishakua huingia baharini na kusafiri kaskazini na kusini kandokando ya pwani. Sehemu kubwa ya safari hiyo hupita karibu na nchi kavu. Ndiyo maana mtu asiye na chombo, mwenye fimbo ya mita 3 tu, anaweza kukutana naye akiwa juu ya mchanga.

Wasomaji wengi wa Kiswahili walioko Portland, Boston au New Jersey wamewaona wavuvi hawa wamejipanga ufukweni gizani na kujiuliza wanajuaje kwamba ni leo. Kusema kweli wengi wao hawajui. Wanafuata kalenda ya mwaka jana, au picha iliyotumwa jana jioni. Kalenda hukupa mwezi, lakini haikupi usiku wala ufukwe.

Kinachofaa ni kwenda kwa ngazi. Joto la maji hukuambia wiki, chambo hukuambia ufukwe, upepo hukuambia siku, na mkondo hukuambia saa. Ngazi hizi zina mpangilio, na makosa mengi hutokea mtu anaporuka ngazi. Anayeanza na mwezi mpevu wakati maji yana nyuzi joto 5 amepoteza usiku wake bure, hata bamvua liwe kubwa kiasi gani.

Wanakotoka

Samaki wengi wanaosafiri pwani hii huzaliwa Ghuba ya Chesapeake, kwenye mito inayomwaga humo kama Potomac, Choptank na maji ya juu ya ghuba karibu na Mto Susquehanna. Wanaofuata kwa wingi ni wa Mto Hudson na Mto Delaware. Kila kundi lina ratiba yake, na ukiyachanganya utashangaa kwa nini samaki "wamechelewa" huku jirani yako akiwatoa.

Kuzaa huanza maji ya mto yanapofika nyuzi 14 hivi na hupamba moto kati ya 15 na 20. Chesapeake ni kusini zaidi, kwa hiyo huko kazi hufanyika Aprili hadi katikati ya Mei. Hudson hufuata, Mei hadi mwanzoni mwa Juni. Majike makubwa hayakai mtoni yakishataga. Hushuka, hupita mdomo wa ghuba, na kushika njia ya kaskazini wakiwa na njaa kali. Wapo pia wanaokatiza kwenye mfereji unaounganisha Chesapeake na Delaware, wakaokoa safari ndefu ya kuzunguka. Madume mengi na samaki wadogo hubaki ghubani mwaka mzima. Anayesafiri sana ni jike kubwa. Watafiti waliofuatilia samaki wa Potomac kwa vifaa vya kutoa ishara za sauti waliona kwamba wanaozidi sentimita 80 hivi ndio wanaotoka kwenda baharini kwa uhakika.

Kwa hiyo samaki wa sentimita 50 unayempata Aprili kwenye ufukwe wa New Jersey na mama wa kilo 15 atakayepita hapo mwishoni mwa Mei si msafara mmoja. Yule mdogo hajapevuka, hana shughuli mtoni, na huanza kutembea maji yakipata joto kidogo tu. Huyu mkubwa anasubiri mto. Ukitaka kujua atatoka lini, acha kwanza kuangalia bahari na uangalie mto: shirika la jiolojia la Marekani, USGS, lina vituo vya kupimia joto na wingi wa maji mitoni, na takwimu zake hutolewa bure kila siku. Mto ukishavuka nyuzi 18 na kubaki hapo bila kurudi nyuma, majike yameanza kushuka. Toka hapo hesabu wiki mbili hadi nne kabla hawajaonekana kwa wingi kaskazini mwa New Jersey. Chesapeake pekee ina urefu wa kilomita 320 hivi, na kutoka mdomo wake hadi Sandy Hook, kaskazini mwa New Jersey, ni kama 400 nyingine. Wimbi la baridi katikati ya Aprili husimamisha kuzaa, na mlolongo mzima husogea mbele. Huo ndio uchelewaji ambao kalenda haiuoni.

Joto la bahari, na namna linavyodanganya

Besi milia huanza kula kwa bidii maji yakifika nyuzi 8 hadi 10. Kati ya 13 na 20 yuko kwenye raha yake. Yakipita 21 huanza kutafuta maji ya kina au ya mkondo mkali, na hula usiku zaidi. Vipimo vingi vya Marekani viko kwa Farenhaiti: toa 32, gawanya kwa 1.8, umepata Selsiasi. Nyuzi 50 za kwao ni 10 zetu, na 68 ni 20.

Kwa vipimo vya bahari tumia maboya ya NOAA, shirika la bahari na hali ya hewa la Marekani. Yanayomfaa mvuvi wa ufukweni ni namba 44009 nje ya Ghuba ya Delaware, 44065 kwenye lango la bandari ya New York, 44025 kusini mwa kisiwa cha Long Island, 44097 karibu na Block Island, 44013 nje ya Boston na 44007 nje ya Portland. Usisome namba ya leo peke yake. Chukua ya siku saba uone mwelekeo. Maji yaliyopanda kutoka 9 hadi 11 kwa wiki moja yana maana tofauti kabisa na maji yaliyoshuka kutoka 13 hadi 11, ijapokuwa namba ni ileile.

Kumbuka pia kwamba boya liko maili kadhaa nje, kwenye kina. Maji ya ufukweni yana kina kifupi, kwa hiyo hupata joto mapema na hupoteza joto mapema. Mwezi wa Aprili yanaweza kuwa na joto zaidi ya boya kwa nyuzi mbili au tatu, na Novemba yakawa baridi zaidi kwa kiasi hichohicho. Beba kipimajoto cha kawaida cha maji, kitumbukize dakika mbili kwenye maji yafikayo magotini, uandike. Baada ya muda utajua tofauti kati ya boya lako na ufukwe wako, na boya litaanza kukuambia kweli.

Mwanzo wa msimu unaanzia kwenye tope. Ghuba ndogo zenye kina kifupi na tope jeusi, kama pembe za Raritan Bay kati ya New Jersey na New York, hunyonya jua na kufika nyuzi 9 au 10 mwishoni mwa Machi wakati bahari ya wazi ingali 6. Ndiyo maana samaki wa kwanza wa mwaka hupatikana huko na si kwenye fukwe zinazotazama bahari kuu. Saa ya kwenda ni alasiri ya siku ya jua, maji yakiwa yanatoka, kwa sababu maji yaliyopashwa moto juu ya tope mchana kutwa ndiyo yanayopita mdomo wa kijito jioni. Chambo hapo ni minyoo wa baharini au nyama ya chaza, kwenye ndoana ya duara na chubwi ya gramu 60 hadi 85. Alfajiri yenye baridi, ambayo ni saa nzuri mwezi wa Juni, hapa huwa mbaya kuliko zote.

Kutoka hapo joto linapanda pwani kuelekea kaskazini. Rhode Island huona samaki wadogo katikati au mwishoni mwa Aprili, Montauk kwenye ncha ya mashariki ya Long Island mwanzoni mwa Mei, mfereji wa Cape Cod Canal huko Massachusetts wiki ya kwanza au ya pili ya Mei, Maine kuanzia katikati ya Mei. Wakubwa hufuata nyuma kwa wiki mbili hadi nne: New Jersey kuanzia katikati ya Mei, Cape Cod Canal mwishoni mwa Mei na Juni, Maine mwezi wa Juni. Tarehe hizi zichukulie kama wastani wa kusahihishwa na boya. Zikipishana na boya, shika la boya.

Upepo nao unaweza kupindua joto la wiki nzima kwa siku mbili. Kaskazini mwa ikweta, upepo unaovuma muda mrefu husukuma maji ya juu kuelekea kulia kwake. Kwetu Mombasa na Dar es Salaam, kusini ya ikweta, ni kushoto. Pwani ya New Jersey inatazama mashariki, na upepo wa majira ya joto huko hutoka kusini-magharibi. Ukivuma siku mbili hadi nne mfululizo, maji ya juu yenye joto husogezwa nje, na mahali pake hupanda maji baridi ya chini. Ufukwe uliokuwa na nyuzi 21 Jumatatu unaweza kuwa na 14 Alhamisi, huku hewa ikiwa ya joto na jua likiwaka. Maji hayo huwa safi mno, chambo hutawanyika, na samaki hufunga mdomo si kwa sababu 14 ni mbaya kwao bali kwa sababu mabadiliko yamekuja ghafla. Upepo ukigeuka na kuvuma kutoka mashariki au kaskazini-mashariki, maji ya joto hurudi ndani ya siku moja au mbili. Mtu anayetazama hali ya hewa tu ataona siku mbili zinazofanana, na hataelewa kwa nini moja ilikuwa na samaki na nyingine haina.

Chambo ndicho kinachowasimamisha

Joto likishafungua njia, samaki wanaweza kuwa popote kwenye kilomita mia mbili za pwani. Mahali wanaposimama huamuliwa na chakula. Wa kwanza kwa umuhimu ni menhadeni, samaki mwenye mafuta mengi wa jamii ya dagaa papa, ambaye wavuvi wa huko humwita bunker. Mkubwa hufikia sentimita 30 na zaidi. Mwezi wa Mei na Juni makundi yake yakionekana kama vivuli vyeusi juu ya maji ya New Jersey na Long Island, majike makubwa yako chini yake. Shida ni umbali. Kundi likiwa mita 500 nje, mvuvi wa ufukweni hulitazama tu. Linamfaa pale upepo wa kutoka baharini unapolisogeza ndani ya mita 100, au linapojibana kwenye kona ya ukuta wa mawe.

Kwenye mito ya New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, heringi wa mtoni hupanda kutaga Aprili na Mei, na besi milia huwasubiri kwenye midomo ya vijito usiku. Mei huleta ngisi kwenye maji ya kusini mwa Cape Cod. Kwenye madimbwi ya chumvi ya Rhode Island, minyoo huinuka kuzaa jioni za Mei na Juni karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Usiku huo samaki hula minyoo tu na kudharau kila kingine, kwa hiyo chambo bandia kinachozidi sentimita 7 hakina kazi.

Kisha kuna visamaki vyembamba vinavyojizika mchangani, ambavyo ni riziki kubwa ya ufukweni kuliko watu wanavyodhani. Hulala ndani ya mafungu ya mchanga na hutoka kunapopambazuka. Ukiona besi milia waliotapika visamaki hivi, au mkono wako ukikuta vipande vyake mchangani kando ya maji, tumia chambo bandia chembamba cha sentimita 10 hadi 15 na ukivute polepole karibu na chini. Kitu kinene kinachofanana na menhadeni kitapita mbele ya samaki mia bila kuguswa.

Mkizi anastahili onyo lake. Mwishoni mwa Agosti hadi mwanzoni mwa Oktoba, mkizi hutoka kwenye ghuba za New Jersey na kuteremka kusini akiwa amebana ufukwe kabisa, mita chache tu kutoka miguuni. Chambo kimejaa, mandhari yanavutia, na watu hukimbilia huko na fimbo kubwa. Lakini maji bado yako 21 au 22, na kundi kubwa la besi milia bado liko Massachusetts na Maine. Watakaopatikana ni wachache wenyeji, wa gizani. Hapo ndipo umuhimu wa kufuata ngazi unaonekana: chambo bila joto si dalili ya safari.

Kurudi kusini

Safari ya vuli, msimu wa majani kupukutika, ndiyo inayopendwa zaidi na wavuvi wa ufukweni, na wana haki. Samaki wanakula ili wapate akiba ya baridi, chambo chenyewe kinatoka ghubani na kupita karibu na mchanga, na vyote viwili vinaelekea upande mmoja. Siku zinapofupika na maji kuanza kushuka, Maine huanza kuwapoteza kati ya katikati ya Septemba na mwanzoni mwa Oktoba. Montauk hupamba moto mwishoni mwa Septemba na Oktoba, mara nyingi dagaa mchele wakiwa wamejaa hadi maji yanakuwa mekundu. Upande wa kusini wa Long Island, Fire Island hadi Jones Beach, ni katikati ya Oktoba hadi Novemba. Kaskazini mwa New Jersey ni mwisho wa Oktoba hadi mwanzo wa Desemba. Kusini zaidi, Delaware na mdomo wa Chesapeake, ni Desemba na Januari.

Msafara hauji kama wimbi moja. Huja kwa mafungumafungu yenye mapengo ya siku mbili, nne, hata kumi. Kinacholisukuma kila fungu ni kushuka kwa joto kwa ghafla, kwa kawaida baada ya baridi kali kuingia kutoka kaskazini-magharibi. Kwa New Jersey dirisha bora ni maji yakiteremka kutoka 17 kwenda 10. Vuli likiwa na joto, maji hubaki 18 hadi Novemba na kilele husogea hadi Desemba. Kalenda za zamani ndiyo maana zinazidi kushindwa. Outer Banks ya North Carolina, ambayo zamani ilikuwa na uvuvi mkubwa wa ufukweni wakati wa baridi, imekosa msafara huo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010.

Dhoruba ya kaskazini-mashariki inahitaji kusomwa kwa makini. Upepo wa kutoka baharini wa noti 10 hadi 15 (maili za bahari kwa saa) ni rafiki: unachafua maji kiasi, unaleta povu linalomficha samaki, unang'oa kaa na chaza, unasukuma chambo ndani. Mawimbi ya sentimita 60 hadi mita moja na nusu yanavulika. Ukipita noti 25, maji yanakuwa uji wa mchanga na mwani, chubwi haikai, na kila unachovuta kinarudi kimebeba majani. Siku nzuri ni ile inayotangulia dhoruba, kisha ile ambayo upepo umegeuka kaskazini-magharibi, unavuma mgongoni mwako, unalaza mawimbi na kukuongezea umbali wa kurusha. Dhoruba kubwa ikiwa imetupa chaza ufukweni, kwa siku moja hadi tatu nyama ya chaza itashinda chambo bandia chochote.

Saa: mkondo na umbo la ufukwe

Msomaji aliyekulia pwani ya Uswahilini hahitaji kufundishwa bamvua na maji mafu. Sheria ni ileile, kupwa mara mbili na kujaa mara mbili, na kila siku maji huchelewa dakika 50 hivi. Tofauti ni ukubwa. New Jersey hupanda na kushuka mita 1.4 hivi, Maine karibu mita 3, Montauk chini ya mita 1. Jambo la kushika ni kwamba kaskazini mwa New Jersey, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Kwa maneno mengine bamvua linaleta kujaa karibu na mapambazuko na machweo, saa ambazo samaki anakula. Siku za maji mafu, kujaa huangukia karibu saa 8 mchana na saa 8 usiku, na mapambazuko hukuta maji yamekupwa. Sifa nyingi zinazopewa mwezi zinatokana na hesabu hii tu.

Ufukwe usome maji yakiwa yamekupwa, ukiwa na macho mchana. Tafuta mfereji kati ya fungu la nje na mchanga, na pengo ambapo fungu limekatika. Wimbi likivunjika kila mahali isipokuwa sehemu moja ya mita 15, sehemu hiyo ina kina, na ndiyo lango la samaki. Fukwe nyingi za aina hii huvulika saa mbili za mwisho za kujaa na saa mbili za mwanzo za kupwa, kwa sababu kabla ya hapo fungu linamzuia samaki kuingia. Fukwe zilizojazwa mchanga upya kwa miradi ya kuzuia mmomonyoko huwa tambarare na hazina umbo lolote. Zinaweza kukaa msimu mmoja au zaidi kabla ya kurudi kuwa na maana.

Kwenye milango ya ghuba, jedwali la kupwa na kujaa la ufukweni litakupotosha. Maji ya ufukweni yakifika chini kabisa, mkondo wa mlangoni huendelea kutoka kwa saa moja, mbili, hata zaidi, kwa kuwa ghuba bado imejaa. Anayeondoka kwa sababu jedwali limesema maji yamekupwa anaondoka chambo kikiwa bado kinamiminika nje. Tumia jedwali la mikondo, ambalo NOAA hulitoa kando.

Mfano wa hesabu

Tuseme ni mwisho wa Oktoba, siku moja baada ya mwezi mwandamo, na unalenga fukwe za New Jersey kutoka Sea Bright hadi Asbury Park. Boya 44065 limeshuka kutoka 17 hadi 15.2 kwa siku tano, na kipimajoto chako ufukweni kinasoma 14.5. Ngazi ya kwanza imepita. Watoto wa menhadeni, sentimita 8 hadi 12, wanatoka kwenye mito ya Navesink na Shrewsbury, na ndege wakubwa weupe wenye ncha nyeusi za mabawa wanajitosa mita 300 nje. Ngazi ya pili imepita. Upepo umevuma kaskazini-mashariki noti 14 kwa siku mbili na unatarajiwa kugeuka kaskazini-magharibi usiku wa leo. Maji yatajaa saa 2 na nusu usiku, kisha karibu saa 3 kasoro robo asubuhi, na jua litachomoza saa 1 na robo.

Una madirisha mawili. Jioni, saa 12 hadi saa 4 usiku, upepo bado ukiwa usoni: povu jingi, chambo kimebanwa ndani, lakini mwani unaweza kukukera. Alfajiri, saa 11 hadi saa 3 asubuhi, maji yakijaa, upepo mgongoni, mawimbi yakilala. Kama ni lazima uchague moja, chagua alfajiri, kwa sababu upepo wa nchi kavu na baridi mpya ndivyo vitakavyotoa chambo ghubani, na mwanga wa kwanza utakuta maji yanaingia juu ya fungu. Beba chambo bandia cha mpira cha sentimita 12 chenye risasi ya gramu 28, kingine cha manyoya cha gramu 42 kwa mkondo, na kipande cha chuma cha gramu 56 kwa umbali. Anza karibu, mita 20 tu, kabla ya kuingia majini. Wengi huwakanyaga samaki waliokuja kuwatafuta. Dakika 20 bila mguso, sogea hadi pengo linalofuata.

Kama boya lingesoma 19, mahesabu mengine yote yangebaki mazuri na bado ningekushauri ulale.

Taarifa za watu zitumie kwa njia moja: tazama walio kaskazini yako wakati wa majani kupukutika, na walio kusini yako wakati wa majani kuchipua. Picha kutoka ufukwe wako ni habari ya samaki waliokwisha pita. Fukwe za kilomita 60 upande wanakotoka zikianza kunyamaza baada ya wiki nzuri, hiyo ni habari njema kwako.

Umri wa kundi, na wajibu

Kuna ubashiri wa miaka pia. Jimbo la Maryland limekuwa likihesabu vifaranga vya besi milia tangu 1954, na wastani wa muda mrefu ni kama 11 kwa kila mvuto wa wavu. Mwaka 2023 kipimo kilikuwa 1.0, na kila mwaka tangu 2019 kimekuwa chini sana. Vifaranga wa mwaka wowote huonekana ufukweni wakiwa sentimita 40 na kitu baada ya miaka mitatu, na hufika 70 baada ya sita au saba. Kwa hiyo unapokosa samaki wadogo leo hujakosea hesabu ya upepo, hawakuzaliwa. Wakubwa wanaokupa raha wengi ni wa 2011 na 2015, na hawana warithi wa kutosha. Samaki hawa waliwahi kuporomoka miaka ya 1970 na 1980 hadi Bunge la Marekani likatunga sheria mwaka 1984 na Maryland ikafunga uvuvi kuanzia 1985, na waliinuka kwa sababu watu walivumilia.

Tangu 2023 kipimo cha baharini ni inchi 28 hadi 31, yaani sentimita 71 hadi 79 hivi, samaki mmoja kwa siku. Chambo halisi lazima kiwe kwenye ndoana ya duara, na kutumia kulabu ya kumchoma samaki hairuhusiwi. Nje ya maili 3 za bahari uvuvi wake umefungwa tangu 1990. Massachusetts inataka leseni ya uvuvi wa baharini, New York na New Jersey zinataka kujiandikisha, na maji ya bahari ya New York yana msimu wa 15 Aprili hadi 15 Desemba. Majimbo hubadilisha kanuni, basi soma za mwaka husika kabla ya kutupa mshipi.

Tathmini za samaki hawa huchukulia kwamba 9 kati ya kila 100 wanaoachiwa hufa, na kwenye maji ya joto hali huwa mbaya zaidi. Maji yakipita nyuzi 21, acha kuwalenga. Bana vichomo vya ndoana kwa koleo, tumia mshipi wa nguvu ya kilo 13 au zaidi ili pambano liwe fupi, na umshike kichwa kikielekea mkondo hadi atakapojisukuma mwenyewe.

Mwisho wa msimu hutambulika kwa ngazi zilezile. Ufukwe ukisoma 8, punguza kasi ya kuvuta na uvue mchana wakati jua limepasha maji. Ukisoma 7 kwa siku tatu mfululizo na ndege hawaonekani tena, kundi limekwenda kulala nje ya Virginia au limerudi Hudson, na fimbo inaweza kuoshwa kwa maji matamu hadi tope la Raritan litakapofika 9.